Fahamu: Msimu wa Baridi na Afya ya Akili Taita Taveta

Kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapoleta mawingu kutoka Bahari ya Hindi, ukungu hufunika milima ya Taita na wakazi wa Wundanyi huweza kupitisha siku kadhaa bila kuliona jua vizuri, ilhali Voi, iliyo tambarare chini ya milima hiyo, huwa na joto zaidi.

Sonona ya msimu, yaani huzuni na uchovu unaorudi kila mwaka majira yaleyale, ilielezwa kitabibu na Norman Rosenthal na wenzake mwaka 1984, nayo huhusishwa na uhaba wa mwanga unaovuruga melatonini, homoni inayoratibu usingizi. Hata hivyo, kwa kuwa Taita Taveta iko karibu na ikweta, urefu wa mchana hautofautiani hata kwa nusu saa kati ya Juni na Desemba. Kinachoweza kulemea zaidi huku ni baridi inayowafungia watu ndani na kuwatenga na wenzao. Isitoshe, jiko la makaa likiwashwa ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua, na ambayo dalili zake za mwanzo, kichwa kuuma na mwili kulegea, hudhaniwa kuwa uchovu tu.

Kutoka nje asubuhi, kutembea, kulala kwa saa zilezile na kuendelea kuhudhuria vikao vya jamaa na majirani husaidia. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, ikiondoa hamu ya chakula na kazi, mhusika afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa.