Je, Wajua? Projekta haiwezi kurusha rangi nyeusi

Mwanga mweusi haupo. Nywele nyeusi za mwigizaji unazoziona kwenye skrini ni kitambaa kile kile cheupe, mahali ambapo mwanga karibu haufiki. Jicho huona weusi kwa sababu pembeni pameng'aa. Ndiyo maana pazia zito dirishani mara nyingi husaidia kuliko projekta ya bei kubwa: washa taa moja tu, na weusi wote hugeuka kijivu.

Isogeze projekta nyuma, umbali uwe mara mbili, bila kugusa zumu. Picha huongezeka mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo. Mwanga ule ule sasa hutandazwa kwenye eneo kubwa mara nne. Ung'avu unaobaki ni robo!

Projekta ikiinuliwa pua kwa kitabu, picha hupanuka juu kuliko chini. Kitufe cha kunyoosha huisawazisha kwa kuibana. Nukta za pembeni huzimwa, na maandishi madogo hupoteza makali. Afadhali meza iliyo juu zaidi.

Ndani yake, projekta nyingi zina vioo vidogo kuliko unene wa unywele, uvumbuzi wa Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments, mwaka 1987. Kila kioo hupinduka maelfu ya mara kwa sekunde.