Injini ya turbo ikianza kugonga: sikiliza kwanza, fungua baadaye

Ukishapita Tegeta na Bunju na kuingia Mapinga, foleni ya Barabara ya Bagamoyo inapungua na wenye Subaru za turbo wanaanza kukanyaga. Mluzi wa turbo, na ule mpumuo wa hewa dereva anapoachia mafuta, ni sauti za kawaida kwa gari lililoongezwa nguvu. Shida ni ile "tak-tak-tak" inayojitokeza miezi michache baada ya kubadilisha bomba la moshi au programu ya kompyuta ya gari. Fundi mmoja atasema tapeti, mwingine turbo, wa tatu anataka kushusha injini. Tofauti kati yao inaweza kuwa bei ya gasketi au bei ya injini nzima.

Swali la kwanza tunalopendekeza umuulize mwenye gari: inagonga injini ikiwa baridi, au ikishapata moto?

Mlio mkavu wa asubuhi, unaofifia baada ya dakika chache, mara nyingi ni moshi unaovuja kwenye manifoldi. Chuma kikipata joto kinatanuka na kuziba mwanya. Huku pwani hewa ya chumvi inakula boliti na bati za kukinga joto, na bati lililolegea hupiga kelele ya kutisha kuliko ubovu wenyewe. Tafuta masizi meusi kwenye maungio kabla ya kufungua chochote.

Beringi ya konrodi ni kinyume chake. Asubuhi oili ni nzito, inajaza nafasi iliyolika. Ikipata moto inakuwa nyepesi, na hapo unasikia kitu kizito kama nyundo, hasa ukipandisha hadi mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika kisha ukaachia mafuta. Fundi mzoefu huchukua bisibisi ndefu, ncha kwenye bloku, mpini sikioni. Injini ya Subaru imelala, silinda zake zimegawanyika kulia na kushoto, kwa hiyo husikiliza pande zote mbili. Kisha hukata umeme wa koili moja moja: silinda ikinyimwa cheche na kugonga kukapungua, amepajua mahali. Akikata filta ya oili na kukuta chembe zinazong'aa, ubishi umekwisha. (Muuzaji mjanja humimina oili nzito kupita kiasi ili mlio usisikike siku ya kukagua gari. Lijaribu likiwa limepata moto.)

Kuna na sauti ya changarawe ndani ya kopo, inayokuja tu injini ikibanwa, kwa mfano unapolipita lori barabara ya Msata. Hiyo ni petroli inayolipuka ovyo ndani ya silinda. Magari mengi ya turbo ya soko la Japan yalitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya kwao, yenye okteni inayokaribia 100. Ukiongeza presha ya turbo kwa programu mpya huku ukitumia mafuta ya okteni ya chini, pistoni ndiyo inayoumia. Rudisha presha chini; oili mpya haitatibu hilo.

Turbo yenyewe ni nadra kugonga. Mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya oili, na ukichoka hulia kama king'ora na kutoa moshi wa bluu. Zima injini, iache ipoe, toa mpira wa hewa, utikise mhimili kwa vidole: kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, lakini mapanga yasiguse kingo.

Ukisikia ile nyundo ukiwa Kerege au Kiromo, usijikongoje hadi Dar. Konrodi ikikatika hutoboa bloku, na oili ikimwagikia bomba la moshi lenye moto, gari linaweza kuwaka. Egesha, zima, pima oili kwa kijiti, uite gari la kuvuta.