Ukoo wa Migomba na Ndugu Zake wa Porini

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo simwamshi sungura wala fisi, hao wameshasimuliwa mpaka wamechoka. Nataka niwasimulie habari za ukoo unaoishi nyuma ya nyumba zenu hapa Nyamahanga, uliojaa Biharamulo yote, na hata mkielekea Ngara mtaukuta barabarani mwote. Ni ukoo wa migomba.

Mwulize mama kibanjani kwake kuna ndizi gani, atataja majina mpaka usahau la kwanza. Enchoncho. Nshakala. Enyoya. Kuna embiile ya kukamulia pombe, na gonja ya kuchoma. Ukiziacha kando gonja na zile tamu za kula mbivu, ambazo ni za koo nyingine, ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, za kupika na za pombe, zina majina zaidi ya 80. Bibi zenu hawasubiri hata mkungu utoke. Wakitazama rangi ya shina na jinsi jani lilivyosimama, wanajua huyu nani.

Basi wataalamu wakaja na vifaa vyao, wakapima chembe za urithi za migomba hiyo, zile zinazomfanya mtoto afanane na mzazi. Walichokuta ni hiki: hao wote wenye majina 80 ni karibu mmoja! Inaelekea walitokana na mgomba mmoja wa kale, ambao asili yake ni Asia. Umri wake hapa kwetu unapita miaka elfu moja.

"Babu, sasa hayo majina yote yalitoka wapi?"

Yalitoka kwa wakulima. Mara moja moja, chipukizi huota likiwa limebadilika kidogo: mkungu umeinama zaidi, au chane zimebanana, au utomvu ni mchungu. Mtu asiyejali atalikata. Mkulima mwenye jicho hulitenga, akalipanda pembeni, akalipa jina, akamgawia shemeji yake wa kijiji cha pili. Kazi hiyo imefanywa kwa mamia ya miaka na watu ambao hakuna kitabu kilichowaandika, na kwa maoni yangu hao ndio wataalamu wa kwanza wa mbegu katika nchi hii.

Lakini ndizi yenyewe haina mbegu. Kateni ndizi mbivu muone: ni vidoti vyeusi tu katikati, laini, havioti. Sababu yake ni hesabu. Ndani ya kila chembe ya mgomba kuna maelekezo ya namna ya kuwa mgomba, tuseme ni seti ya vitabu 11. Mimea mingi, na sisi watu pia, tuna seti 2, moja ya mama na moja ya baba, na wakati wa kuzaa seti hizo hugawanywa sawasawa. Mgomba wa kupika una seti 3. Tatu utaigawaje kwa mbili bila kuchana kitabu? Haigawanyiki, kwa hiyo mbegu haijengeki. Mgomba unabaki kuzaa kwa machipukizi, na chipukizi ni mama yule yule aliyerudi upya.

Uzuri wake mnaujua. Ladha ya enchoncho aliyokula babu wa babu yako ndiyo unayokula wewe. Ubaya wake tuliuona mwaka 2006, pale mnyauko, wengine wanauita unyanjano, ulipogunduliwa mkoani kwetu Kagera, upande wa Muleba. Miaka mitano nyuma ulikuwa umeonekana Uganda. Majani yanageuka manjano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani ni kahawia. Na ukikata shina, subiri kidogo tu: utaona usaha wa njano unatoka taratibu kwenye kidonda. Hao ni bakteria, mamilioni kwa mamilioni. Wadudu huwabeba kutoka ua hadi ua, na panga huwabeba kutoka shina hadi shina. Kwa kuwa migomba yetu ni ya tumbo moja, ugonjwa uliompata mmoja ulimkuta na mwenzake hana kinga tofauti.

Hata wazungu na makampuni yao makubwa yaliwakuta. Zamani ndizi iliyouzwa Ulaya na Marekani ilikuwa aina moja, Gros Michel. Ugonjwa wa Panama ukaimaliza mashambani Amerika ya Kati, na kufikia miaka ya 1960 ikawabidi wahamie kwa nyingine, Cavendish. Nao wakaipanda hiyo peke yake, maili na maili! Sasa nayo ina ugonjwa wake. Mtu mzima kurudia kosa lile lile si ajabu, wajukuu zangu, mtaona mengi.

Sasa tutoke kibanjani tuende mbali. Katika misitu ya India, Myanmar, Malaysia, Indonesia na Papua New Guinea kuna migomba ya porini ambayo haikupandwa na mtu. Ndizi zake ni fupi, na ukimenya unakuta mbegu nyeusi ngumu zimejipanga, ukitafuna kwa pupa utavunja jino. Nyama ya kula ni haba. Hakuna mama ambaye angeziweka kwenye sufuria. Lakini hawa ndugu wa porini wana seti 2 za vitabu, wanazaa kwa mbegu, kila mtoto ni tofauti na mwenzake, na katika tofauti hizo mna kinga ambazo migomba yetu haina. Mmoja anaitwa Calcutta 4. Hafai kwa chakula hata kidogo, ila ugonjwa wa sigatoka nyeusi, ule unaokausha majani kwa mabaka, haumsumbui.

Mtu akafikiri: je, tukimwoza huyu kwa binti wa kwetu?

Ndoa hiyo ilipangwa miaka ya 1990 huko Kawanda, Uganda, na watafiti wa NARO, taasisi ya kilimo ya nchi hiyo, wakishirikiana na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto. Kwanza ilibidi watafute mabinti wachache sana kati ya migomba yetu ambao bado wanaweza kupata mbegu wakichavushwa. Mmoja wao ni Nakawere. Kazi yenyewe iko hivi. Maua ya kike ya mgomba ndiyo yanayokuja kuwa ndizi, nayo hufungwa mfuko kabla hayajafunguka, wadudu wasiwahi kuleta chavua yao. Asubuhi mapema mtu anapanda ngazi akiwa na ua dume la Calcutta 4, anafungua mfuko, anapakaza chavua kwenye ncha za maua ya kike, moja baada ya jingine, chane kwa chane, kisha anafunga tena. Miezi kadhaa baadaye mkungu unakatwa, unaachwa uive, na kila ndizi inamenywa na kupondwa kutafuta mbegu. Mara nyingi mkungu mzima hauna hata moja. Ikipatikana, haichomekwi udongoni kama punje ya hindi. Inapasuliwa maabara, kiinitete kinatolewa kwa ncha ya kisu na kulelewa ndani ya chupa mpaka kiote.

Hesabu zenu ziko tayari? Nakawere hakuweza kugawa seti zake 3, akatoa zote. Calcutta 4 akatoa 1. Mtoto akapata 4. Nne zinagawanyika kwa mbili, kwa hiyo mtoto huyu anazaa mbegu vizuri, na ndizi yenye mbegu hatuitaki mezani. Akaozwa tena, kwa mgomba bora wa seti 2 uliotengenezwa Honduras. Yeye akatoa 2, mwenzake 1. Mjukuu akawa na 3: hana mbegu, anafaa sufuria, na damu ya porini anayo. Uganda ilimpa jina Kiwangaazi na kumruhusu apandwe mwaka 2010. Ukoo wake wote, chotara 27 waliochaguliwa, unaitwa NARITA.

Baadhi ya chotara hao walipandwa Maruku, kwenye kituo chetu cha utafiti nje kidogo ya Bukoba, wakapimwa kwa miaka. Mwaka 2021 Tanzania ikaidhinisha 4, wanaitwa TARIBAN. Tangu ngazi ya kwanza ya Kawanda mpaka hapo, mtoto aliyezaliwa siku hizo alikuwa ameshaoa.

Mizani haikutosha kuwachagua. Tuliwahi kuletewa chotara wengine, FHIA wa Honduras, kwa mradi wa maendeleo wa Kagera uliofadhiliwa na Ubelgiji kati ya 1997 na 2002. Mikungu yake ilitisha kwa ukubwa. Wapishi wakaionja, wakasema hii si tooke, ndizi yetu ya kupika, wengi wakaiachia kuivishwa na kukamuliwa juisi. Ndiyo maana siku hizi ndizi mpya inapikwa na kuonjwa na wanakijiji: iwe ya njano ikiiva jikoni, iwe laini, na isikakamae ikipoa.

"Na mnyauko, Babu, TARIBAN hawaugui?"

Hapo bado. Waliumbwa hasa kwa ajili ya sigatoka, kwa hiyo endeleeni kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda na kuchoma panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine. Uganda walijaribu kumtilia mgomba kinga ya pilipili hoho maabara, majaribio ya shambani yakaanza Kawanda mwaka 2010. Wengine wamerudi porini. Kuna mgomba wa mwituni wa Indonesia unaoitwa zebrina, una majani yenye madoa mekundu, watu wengine huupanda kama ua. Watafiti walipowatilia bakteria ndugu wa zebrina, baadhi walistahimili. Na vipimo vya urithi vinaonyesha kwamba zebrina ni mmoja wa wazee waliomzaa yule mgomba wa kale, mama wa enchoncho, nshakala na enyoya.