Shangingi Kuukuu Likienda Porini, Pesa Ianzie Wapi?

Land Cruiser za mfululizo wa 80, zile VX na GX za miaka ya 1990, zilianza maisha yao zikiwa magari ya wakubwa. Wakubwa wakahamia matoleo mapya, na mashangingi yao yakashuka taratibu hadi kwa mwenye kambi ndogo ya watalii, mfugaji wa kisasa, na vijana wanaotaka kufika Ziwa Natron bila kuomba lifti. Sifa za gari hili porini ni za kweli: ekseli ngumu mbele na nyuma, springi za koili pande zote nne, chesisi nzito, na spea ambazo bado zinapatikana. Tatizo ni kwamba anayelinunua huanza na vitu vinavyoonekana: matairi makubwa, springi za kuliinua, keria, winchi. Gari la miaka 30 huharibikia pale lilipochoka, na kila kilo unayoliongezea hulisogeza karibu na siku ya kuharibika.

Basi chungulia kwanza nyuma ya tairi la mbele. Utaona tufe la chuma ambalo mkono wa tairi huzungukia usukani unapokatwa. Ndani yake mna sivi jointi iliyojaa grisi, na upande wa ndani kuna oili sili inayozuia oili ya difu isiingie humo. Sili ikichakaa, oili huvuja, huyeyusha grisi, na uji mweusi hutoka nje ukalowesha tufe zima. Muuzaji atakwambia magari haya yote yana kawaida ya kutoa grisi. Utando mwembamba kweli si neno. Uji unaotiririka ni habari nyingine: jointi inazunguka bila grisi nzuri huku difu ikipungukiwa oili. Ukikata usukani hadi mwisho na kusikia ta-ta-ta wakati gari linasogea, jointi imeanza kulika. Mafundi wazoefu huhamisha ya kushoto kwenda kulia na ya kulia kwenda kushoto, ili sehemu ambayo haijalika ndiyo ibebe mzigo gari linapokwenda mbele. Ni ujanja halali, unaongeza maisha ya spea hiyo, lakini usiuziwe kama spea mpya.

Hapo hapo kuna beringi za kingpini, na kuna namna ya kuzipima bila kufungua chochote. Inua tairi moja kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki kwa nguvu huku ukiendelea kulitikisa. Mchezo ukiisha, wenye kosa ni beringi za habu. Ukibaki, kosa liko kwenye kingpini. Usukani unaotetemeka kwa fujo baada ya kupiga shimo mara nyingi huanzia hapa, na wengi hutumia pesa kubalansi matairi wakidhani wameupata ugonjwa.

Kuinua gari kwa inchi mbili kunasaidia kwenye makorongo, sikatai. Ila ekseli ya mbele imeshikwa na mikono mirefu inayorudi nyuma hadi kwenye chesisi. Bodi ikipanda, mikono hiyo huizungusha ekseli kidogo, pembe ya kasta hupungua, na usukani huwa mlegevu: hauwi na hamu ya kurudi katikati wenyewe, na kwenye lami gari huyumba. Dawa yake ni bushi maalumu zinazorudisha pembe. Kuna jambo lingine ambalo magereji mengi hayaligusi. Nyuma kuna vali ya breki yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli, kazi yake ni kupima mzigo. Bodi ikiinuliwa, vali hudhani gari ni tupu, basi inapunguza nguvu ya breki za nyuma, hata kama umepakia mapipa ya maji. Fimbo hiyo lazima irekebishwe, na mipira ya breki iangaliwe kama urefu bado unatosha ekseli inaposhuka.

Tairi la VX la kiwandani ni 275/70R16, kipenyo chake kama milimita 790. Linalopendwa na wengi, 285/75R16, lina kama 834. Tofauti hiyo ya asilimia 5 na ushee inaongeza kimo, inaifanya injini ivute kwa taabu zaidi, na spidi ikisoma 80 wewe uko kwenye 84. Kwenye mchanga, lakini, tairi la kawaida lililopunguzwa upepo hadi karibu psi 18 litapita mahali ambapo tairi kubwa lililojazwa litajichimbia kaburi. Nunua pampu ndogo ya kurudishia upepo kabla hujanunua winchi.

Kuhusu injini nina neno kwa wanaotaka kufunga turbo kwenye dizeli ya 1HZ, lita 4.2. Injini hiyo ilitengenezwa ipumue yenyewe. Turbo ikiongezwa pamoja na mafuta mengi, joto hupanda kwenye vyumba vya mwako hadi silinda hedi au pistoni zikapasuka. Anayeng'ang'ania afunge kipima joto cha moshi. Mimi ningeiacha ilivyo, nikabadilisha rejeta, mipira ya maji na kulanti, maana kupanda milima kwa gia nzito kwenye jua la Longido kunaua injini nyingi kuliko ukosefu wa nguvu.

Mkonga, lile bomba la juu la kuvutia hewa ya injini, nao unasifiwa kupita kiasi. Unasaidia injini isinywe maji na unapunguza vumbi kwenye filta, basi. Hauzilindi ekseli: iliyopata moto ikiingia mtoni ghafla hupoa, hewa ya ndani hunywea, na kama kimpira cha kupumulia difu kimeziba, maji huvutwa kupitia kwenye sili. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo.

La mwisho kwa anayenunua dizeli: taa ya mkanda wa taimingi kwenye dashibodi huwaka kila kilomita 100,000, lakini inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Mkanda ukikatika, vali hugongana na pistoni. Muuzaji akikosa kukuonyesha ushahidi kwamba umebadilishwa, toa gharama ya mkanda mpya kwenye bei yake, na uufunge kabla gari halijaiona hata barabara ya vumbi.