Mto Mississippi, Neema na Hasara Yake

Msomaji akitazama ramani ya Amerika ya Kaskazini ataona mstari mrefu utokao kaskazini hata kusini, mfano wa uti wa mgongo wa nchi ya Marekani. Huo ndio mto Mississippi. Jina hili limetoka katika lugha ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa kaskazini, na maana yake ni Mto Mkubwa.

Chanzo chake ni ziwa dogo liitwalo Itasca, katika jimbo la Minnesota. Hapo mtu aweza kuuvuka kwa kukanyaga mawe. Kisha husafiri maili zipatazo 2,340 hata kumwagikia katika Ghuba ya Mexico, chini ya mji wa New Orleans. Karibu na St. Louis huingia mto Missouri, wenye matope mengi; na penye mji wa Cairo, jimbo la Illinois, huingia mto Ohio, wenye maji mengi zaidi. Maji ya majimbo 31, mazima au sehemu zake, pamoja na kipande cha Kanada, hukusanyika humo.

Faida zake ni nyingi. Mahindi na soya za wakulima wa bara huteremshwa kwa tishari mpaka bandarini. Tishari moja huchukua tani kama 1,500, na meli moja yaweza kusukuma tishari 15 zilizofungwa pamoja.

Rutuba ya mabonde ya kusini, yaliyosifiwa kwa pamba, ililetwa na mafuriko ya zamani. Lakini watu walipojenga humo, walitaka udongo bila maji. Wakainua matuta marefu kandokando ya mto, na wahandisi wakaamini kuwa matuta peke yake yatosha.

Katika Aprili 1927, baada ya mvua za miezi mingi, matuta yalivunjika. Maji yalifunika maili za mraba zipatazo 27,000, na watu zaidi ya 600,000 wakakosa makao. Wengi wao walikuwa watu weusi, wakulima wa pamba katika mashamba ya wengine. Huko Greenville waliwekwa juu ya tuta, wakalazimishwa kufanya kazi chini ya ulinzi wa bunduki. Tarehe 29 Aprili tuta la Caernarvon lilipasuliwa kwa baruti ili New Orleans iokoke. Majirani wa mji huo wakapoteza nyumba na mashamba, na fidia waliyoahidiwa wengi hawakuipata.

Sheria ya 1928 ilibadili mambo. Matuta yaliimarishwa, na milango ikafanywa ya kuyapisha maji yanapozidi, kama ule wa Bonnet Carré uliomalizika mwaka 1931.

Hata hivyo, udongo uliokuwa ukijenga pwani sasa hupelekwa baharini kwenye kina. Kati ya 1932 na 2016 jimbo la Louisiana lilipoteza zaidi ya maili za mraba 1,800 za ardhi. Mkulima aliyeukimbia mto kwa sababu ya maji, mjukuu wake aulilia kwa sababu ya udongo.