Ukigongwa kutoka nyuma, fundi asiguse gari kabla ya asesa

Wakazi wanaopita Mlolongo na Athi River kila siku wanaijua ile foleni ya malori na matatu kwenye barabara kuu ya Mombasa. Gari la mbele linafunga breki, la pili linasimama, la tatu linachelewa kidogo tu na bampa inaingia ndani. Mara nyingi hakuna aliyeumia, na ndiyo maana wengi huyamaliza papo hapo: "Mzee, tusipotezeane siku kwa polisi. Shika hii elfu kumi, fundi atakunyooshea."

Usikubali haraka hivyo. Bampa za magari mengi ya siku hizi ni za plastiki, na zikibonyea huweza kurudi karibu na umbo lake. Kilicho nyuma yake hakirudi. Kuna chuma cha kuzuia kishindo, bati la nyuma, sakafu ya buti na vyuma virefu vya bodi vinavyoshika gari lote. Vikipinda, buti hukataa kufunga sawasawa, maji ya mvua huingia, au tairi za nyuma huanza kulika upande mmoja. Haya hujulikana fundi akishafungua bampa, wakati aliyekugonga ameshafika Voi.

Kwa hivyo kabla magari hayajasogezwa, washa taa za hatari, weka pembetatu za tahadhari, kisha upige picha: magari yote mawili pamoja na barabara ikionekana, nambari za usajili, sehemu iliyoharibika kwa karibu, na cheti cha bima cha mwenzako. Kwenye cheti, angalia jina la kampuni, nambari ya bima na tarehe ya kuisha. Chukua pia jina la dereva, leseni yake na nambari ya simu, pamoja na za shahidi mmoja au wawili. Ikiwa mtu ameumia, msaidie kwanza na muwasubiri polisi.

Ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu siku hiyo hiyo. Sheria ya Trafiki inataja saa 24 kwa ajali zinazopaswa kuripotiwa, lakini hata pale ambapo hakuna aliyeumia, bila ripoti hutapata abstrakti ya polisi, na bila abstrakti kampuni ya bima itakurudisha ulikotoka. Omba nambari ya OB kabla ya kuondoka. Shingo na mgongo huweza kuanza kuuma siku ya pili au ya tatu. Ukihisi hivyo, nenda hospitali na uhifadhi karatasi zote.

Sasa, nani atalipa? Anayefuata nyuma anatakiwa kuacha nafasi ya kutosha, kwa hivyo kwa kawaida lawama humwangukia yeye. Lakini si kila mara. Kama taa zako za breki zilikuwa hazifanyi kazi, au ulikuwa unarudi nyuma, lawama inaweza kugawanywa, na malipo yakapungua kwa kiasi hicho hicho.

Njia ni mbili. Ukiwa na bima kubwa, unaweza kudai kwa kampuni yako mwenyewe, nayo itamfuata aliyekugonga ili irudishiwe fedha zake. Hii kwa kawaida ndiyo njia ya haraka, ila utalipa eksesi. Kwa mfano, eksesi ikiwa asilimia 2.5 ya thamani ya gari la shilingi 800,000, utatoa shilingi 20,000 mfukoni. Uliza kama zitarudishwa mwenzako akilipa, na kama punguzo lako la mwaka ujao litaguswa.

Ukiwa na bima ya mtu wa tatu peke yake, bima yako haitengenezi gari lako. Utadai kwa kampuni ya aliyekugonga, na hapa ndipo wengi hupoteza haki yao. Hupeleka gari gereji, hulipa, kisha hupeleka risiti. Kampuni inauliza: tutajuaje uharibifu ulikuwa kiasi gani? Bati lililong'olewa limeshauzwa kwa wa vyuma kuukuu.

Andika barua ya madai kwanza, uwape nafasi ya kulikagua gari, kisha upate ripoti ya asesa. Ripoti itaje kila sehemu, iwe ni ya kubadilishwa au ya kunyooshwa, na iwapo spea ni mpya au ya mtumba. Fundi akifungua na kukuta uharibifu mwingine, asimamishe kazi na asesa aitwe tena. Ambatisha abstrakti, nakala ya logibuku, leseni, kitambulisho na risiti zenye jina la gereji. Mahakama zetu hutaka gharama kama hizi zithibitishwe kwa stakabadhi, pamoja na za breakdown na za gari ulilokodi. Makadirio ya mdomo hayatoshi.

Mwishowe utaletewa hati ya kukubali malipo. Isome. Ikisema malipo ni kamili na ya mwisho, ukishatia sahihi huwezi kurudi kudai shingo inayouma.

Kama kampuni inakuzungusha, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Kama aliyekugonga hana bima, hilo ni kosa la jinai, lakini deni lako bado utalidai kwake na kwa mwenye gari. Rekodi za umiliki hupatikana NTSA kwa kulipia ada, na sheria humchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vingine.

Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Unaweza kujitetea bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Muda wa kushtaki kwa uharibifu wa aina hii ni miaka mitatu tangu siku ya ajali.