Usimamizi wa Maarifa katika Maktaba za Vyuo: Mfano wa Musoma, Bunda na Butiama

Wakutubi wa vyuo hawajakubaliana juu ya maana ya usimamizi wa maarifa. Wapo wanaoiona istilahi hii kuwa jina jipya la kazi ya zamani, yaani kupokea vitabu, kuviainisha, kuviorodhesha na kumfikishia msomaji. Wengine huiona kuwa ni kazi ya wataalamu wa kompyuta. Kundi la tatu hushikilia kwamba sehemu kubwa ya maarifa ya maktaba imo vichwani mwa wakutubi wenyewe, nayo haijaandikwa popote.

Kiswahili chaelekea kuliunga mkono kundi hili la tatu. Maneno taarifa na maarifa yametokana na mzizi mmoja wa Kiarabu, uliozaa pia arifu na maarufu. Lakini matumizi yameyatenganisha. Taarifa huandikwa, hutumwa na kuwekwa katika jalada. Maarifa ni ya mtu: aliyekwama huambiwa atumie maarifa, wala haambiwi atumie taarifa. Michael Polanyi mwaka 1966, na baadaye Nonaka na Takeuchi mwaka 1995, walilieleza jambo hilo kwa kutofautisha maarifa bayana na maarifa yaliyojificha ndani ya mwenye kazi.

Mkoa wa Mara unatoa mfano mzuri, kwa sababu ya wingi wa lugha zake. Musoma pana maktaba ya mkoa. Bunda pana chuo cha ualimu. Butiama pana Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina lake. Tuseme mwanachuo wa Bunda anatafuta maandishi juu ya Kingoreme. Jina hilo limewahi kuandikwa Ngoreme, Ngurimi na hata Ngruimi. Kijita huweza kuorodheshwa kuwa Echijita, na Kizanaki, lugha ya mama ya Mwalimu, kuwa Ikizanaki. Anayetafuta kwa tahajia moja ataambiwa na kompyuta kwamba hakuna kitu, naye ataondoka akiamini hivyo. Mkutubi mkongwe husimama, akaenda rafuni, akarudi na kitabu.

Hata kazi za Mwalimu mwenyewe hazikusalimika. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caesar. Alipoisahihisha, ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwanafunzi wa tafsiri anayetaka kulinganisha matoleo hayo mawili anahitaji orodha inayoyaunganisha, au mtu anayejua.

Katika chuo cha kilimo tatizo hili huvuka mlango wa maktaba. Mbegu moja ya muhogo yaweza kuwa na jina moja katika ripoti ya utafiti na jina jingine kwa wakulima. Mkutubi asiyeyajua yote mawili hawezi kumkutanisha mkulima na ripoti inayomhusu.

Dawa yenyewe, kusema kweli, si ya gharama. Ingizo la “tazama” kutoka Ngruimi kwenda Ngoreme huchukua dakika chache, wala halingoji mfadhili. Kinachokwamisha ni kwamba kazi hiyo haionekani. Vitabu vilivyopokewa huhesabiwa. Maswali yaliyojibiwa mezani aghalabu hayaandikwi. Tena, mjuzi asiyeandika ajuacho huhitajiwa kila siku, na si kila mtu yu tayari kuiachia heshima hiyo.

Katika utumishi wa umma nchini Tanzania, umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi ni miaka 60, na tarehe yake hujulikana mapema. Kwa hiyo upo muda wa mkutubi kijana kuketi na mkongwe, daftari mkononi, akamwuliza ni maswali gani ya wasomaji ambayo orodha haiyajibu, na majina gani humtuma kwenye rafu ipi. Kisha kila jibu liingizwe katika orodha kabla ya siku ya kuagana.